Kijana wangu ni zimamoto Dallas, anakatwa asilimia 13.5 ya pensheni. Jiji nalo linaweka ngapi?

Mwalimu wa Barabara ya Nane aliuliza:

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Naandika kutoka Tanga, Ngamiani. Nina swali la pensheni, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu nikilifupisha mtanijibu nusu.

Kijana wangu yuko Dallas, Texas. Aliondoka hapa na begi moja, akafanya kazi ya ghala miaka saba, zamu ya usiku, kupakia na kushusha. Mwaka jana akafaulu mafunzo, jiji likamwajiri askari wa zimamoto. Aliponipigia kunipa habari ilikuwa saa nne usiku kwetu, nikaenda kumgongea jirani. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa zimamoto vilevile, wa kikosi cha kiwanda cha mkonge. Kiwanda sikitaji. Asiyeujua mkonge hajui moto wake: vumbi la brashi likishika, moto unatembea juu kwenye boriti kabla mtu wa chini hajanusa moshi. Kofia yake nyekundu ingali nyuma ya mlango wa chumba changu, rangi imebabuka upande wa kushoto.

Wiki iliyopita kijana akanitumia picha ya slipu yake ya mshahara. Kwenye mstari wa pensheni amekatwa asilimia 13.5. Ananiambia, "Mama, ghalani nilikuwa nakatwa 6.2 tu. Hawa jiji wananimaliza." Nami nikashtuka. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilistaafu 2021. Nilikuwa nakatwa asilimia 5, na serikali ikiweka 15, jumla 20. Yeye peke yake anatoa 13.5! Nikataka kumwambia aache, arudi ghalani. Halafu nikajizuia, kwa sababu jambo hili lilishanifunza adabu huko nyuma.

Mume wangu aliajiriwa Machi 1999 akastaafu mwisho wa Aprili 2015. Hesabuni: miezi 194. Alikuwa NSSF, anakatwa kumi kwa mia na mwajiri aongeze kumi nyingine. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180. Alipofika dirishani akaambiwa, mzee, kwenye kumbukumbu una miezi 163. Akarudi nyumbani akakaa barazani, hakuvua viatu mpaka magharibi. Miezi 31 haikuonekana. Kwa hesabu ile hakuwa na pensheni, alikuwa na mkupuo tu, mara moja na mkono wa kwaheri.

Mfuko haukuwa na kosa. Kiwanda ndicho kilichokuwa kinamkata na hakipeleki. Nilijuaje? Kwa sababu slipu zake zote nilikuwa nazitunza kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Mwalimu hatupi karatasi. Tulizitandaza mkekani, zikatimia zote 31, na kila moja imeandikwa amekatwa. Tulihangaika miezi kumi na minne kabla kiwanda hakijalipa. Alipata pensheni yake, akaila miaka michache, akafariki 2019.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Kijana anatoa 13.5, jiji lenyewe linatoa ngapi, na linazitoa wapi? Nani anahakikisha zimefika? Na kuna mtu kamwambia kazini kwamba mwaka 2016 mfuko wao ulikaribia kufa. Ni kweli? Mji ukifilisika, mstaafu anakwenda wapi?

Mhasibu wa Chumbageni alijibu:

Shikamoo mwalimu. Pole kwa yaliyompata mzee.

Mengine nawaachia walioko huko. Mimi nisahihishe jambo moja tu la msingi, maana naona watu wengi wanalikosea hata hapa nyumbani. Asilimia anayokatwa mfanyakazi siyo bei ya pensheni yake. Pensheni ya aina ya mwanao, kama yako wewe, ni ahadi: ukitumikia miaka kadhaa utalipwa kiasi fulani mpaka kufa. Ahadi hiyo inalipiwa na vyungu vitatu. Kuna mchango wa mfanyakazi, kuna mchango wa mwajiri, na kuna faida ya uwekezaji wa hizo mbili. Wataalamu wanakaa wanakadiria watu wataishi muda gani, mishahara itapanda vipi, uwekezaji utazaa kiasi gani, halafu wanasema mwaka huu ziingie fedha kadhaa. Cha mfanyakazi kimefungwa kwenye sheria. Cha uwekezaji ni majaliwa. Kwa hiyo kikipungua kile cha tatu, pengo linamwangukia mwajiri.

Na hapo ndipo mwajiri anapoanza kutafuta visingizio. Swali lako la "nani anahakikisha" ndilo swali lenyewe, mwalimu.

Wa Bagamoyo, sasa Houston, alijibu:

Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, Dunda, niko Texas mwaka wa kumi na tisa. Siyo zimamoto, lakini shemeji yangu ni zimamoto hapa Houston, na mambo ya Dallas tuliyafuatilia wote kwa hofu. Nitakujibu moja baada ya jingine, univumilie.

Kwanza hiyo 13.5 dhidi ya 6.2. Ghalani alikuwa anachangia hifadhi ya jamii ya taifa, ambayo huku kila mwajiriwa wa kampuni anakatwa 6.2 na mwajiri anaweka 6.2. Askari wa zimamoto wa Dallas hawamo kwenye mfuko huo. Hawakatwi hiyo 6.2 kabisa. Kwa hiyo hakuongezewa 13.5 juu ya aliyokuwa anakatwa, ameongezewa asilimia 7.3. Ndiyo maana pia pensheni ya jiji ni kila kitu kwake. Ikianguka, chini yake hakuna mkeka. Hapa Houston wanakatwa 10.5, miji mingine ni 9 na kitu. Miji mingi mikubwa huku ina mfuko wake na sheria zake, siyo kama nyumbani ambako mtumishi wa umma wa Tanga na wa Kigoma wako mfuko mmoja.

Pili, jiji. Sheria iliyopitishwa na bunge la Texas 2017 iliweka jiji la Dallas lichangie asilimia 34.5 ya mshahara wa kila askari. Umesoma sawasawa, mama. Tuseme kijana analipwa dola 6,000 kwa mwezi: yeye anatoa 810, na kwa kiwango hicho jiji 2,070. Fedha hizo jiji linazitoa kwenye mfuko wake wa matumizi ya kawaida, unaojazwa zaidi na kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Maana yake mwenye nyumba Dallas na anayenunua viatu Dallas ndio wanaomlipia. Miji mingine ina njia zake. Florida, kwa mfano, wana kodi ya asilimia 1.85 kwenye malipo ya bima ya mali, na inakwenda kwenye mifuko ya pensheni ya zimamoto wa mji husika. Mimi naiona ina akili: anayekatia nyumba yake bima ya moto anamchangia anayekuja kuuzima.

Lakini usifurahie sana hiyo 34.5. Sehemu kubwa inakwenda kuziba deni la zamani, haimjengei kijana wako. Na hapo tunaingia swali la tatu, ambalo jibu lake ni ndiyo, mfuko ulikaribia kufa.

Ilikuwa hivi. Tangu 1993 walikuwa na mpango unaoitwa DROP. Askari akifikia umri wa kustaafu anaendelea na kazi na mshahara wake, huku pensheni yake inawekwa kwenye akaunti yake ndani ya mfuko. Akaunti hiyo ilikuwa imehakikishiwa riba kati ya asilimia 8 na 10 kila mwaka, soko lipande lishuke. Jiulize benki gani inakupa hivyo. Wapo waliofikisha zaidi ya dola milioni moja. Juu yake, waliostaafu walikuwa wanaongezewa asilimia 4 kila mwaka. Huku nyuma mfuko wenyewe ulikuwa umeingiza fedha kwenye majumba ya kifahari Hawaii, ardhi Arizona, jengo refu la kioo la Museum Tower pale pale Dallas. Thamani ilipokuja kuhesabiwa upya, ikaonekana fedha nyingi ilikuwa kwenye makaratasi.

Habari zikatoka. Kati ya Agosti na Desemba 2016 wazee wakakimbilia kutoa akiba zao za DROP, zikatoka zaidi ya dola milioni 500 ndani ya miezi michache. Siwalaumu. Mtu aliyeingia kwenye nyumba zinazowaka miaka thelathini, akisikia pesa yake inaungua atatembea? Lakini kila aliyetoa alikuwa anamwachia aliyebaki shimo kubwa zaidi. Meya wa wakati huo, Mike Rawlings, akaenda mahakamani kutaka zoezi lisimamishwe, na akasema wazi kwamba jiji linaweza kufilisika. Desemba mfuko ukafunga mlango wa kutoa.

Ndipo ikaja sheria ya 2017. Askari wakapandishwa kufikia 13.5, wote. Jiji likapandishwa. Nyongeza ya asilimia 4 ikafutwa, haitarudi mpaka mfuko uwe na angalau asilimia 70 ya fedha unazodaiwa. Akaunti za DROP zikageuzwa malipo ya kidogo kidogo kwa miaka mingi. Umri wa kustaafu kamili ukawa 58. Na bodi ikabadilishwa: wajumbe 11, sita wanateuliwa na meya, na lazima awemo zimamoto mmoja wa sasa au wa zamani.

Leo mfuko bado una chini ya nusu ya kinachotakiwa. Wanakadiria uwekezaji uzae 6.5 kwa mwaka badala ya 8.5 ya enzi zile, jambo ambalo ni la kweli zaidi ingawa linafanya deni lionekane kubwa. Novemba 2024 wananchi wa Dallas walipiga kura kwamba angalau nusu ya mapato mapya ya jiji kila mwaka yaende kwenye pensheni hii na kuongeza polisi. Siyo hali nzuri, ila siyo maiti.

La mwisho, mji ukifilisika. Inategemea jimbo na inategemea jaji. Central Falls, Rhode Island, ilifilisika 2011, polisi na zimamoto waliostaafu wakapunguziwa pensheni, wengine mpaka asilimia 55. Detroit ilifilisika 2013, zimamoto hawakuguswa pensheni ya msingi lakini nyongeza yao ya kila mwaka ilikatwa zaidi ya nusu. Na kuna mji mdogo wa Prichard, Alabama, ambao mfuko wake ulikauka na Septemba 2009 hundi zikaacha kuja. Wazee waliamka mwezi huo hakuna kitu. Prichard ndio ninaoukumbuka kila ninaposikia meya anasema mwaka huu tupunguze kidogo mchango.

Bwana Mdogo wa Makorora alijibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi naona jibu ni rahisi. Kwa deni lote hilo, dogo akae hapo kwa nini? Wampe hela yake mkononi. Dola 810 kila mwezi ni kama shilingi milioni mbili. Kwa miaka miwili ana viwanja Pongwe, ana nyumba ya kupangisha Kange. Pensheni ni hela unawekewa na watu usiowajua mpaka uzeeke.

Stesheni Sajini Mstaafu alijibu:

Marahaba kijana wa Makorora. Mwalimu, nakupa pole na hongera kwa pamoja. Mumeo nilimfahamu, nadhani. Kama ndiye yule mrefu aliyekuwa haanzi kuvuta mpira wa maji mpaka ameufuata kwa macho mpaka mwisho, basi tuliwahi kuzima pamoja. Vikosi vya viwanda tulikuwa tunaitana moto ukizidi.

Nimeanza zimamoto hapa Tanga 1985, enzi hizo tuko chini ya halmashauri. Mwanao wa Dallas yuko leo pale nilipokuwa mimi zamani: mwajiri ni mji. Mfuko wetu ulikuwa wa serikali za mitaa, na ulikuwa wa akiba, siyo wa pensheni. Maana yake ukistaafu unapewa ulichochanga na alichokuchangia mwajiri, na faida yake, kwa mkupuo. Basi. Ukiishi miaka mitano baada ya hapo, sawa. Ukiishi ishirini na mitano, shauri yako na watoto wako. Sheria ya 2006 ndiyo iliyougeuza kuwa mfuko wa pensheni. Mwaka uliofuata, 2007, ikapitishwa sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na vikosi vya halmashauri vikaja kuwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Agosti 2018 mifuko minne ikaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Nimestaafu 2020.

Bwana mdogo, hicho unachokitaka, "wampe hela yake", tulikuwa nacho. Waliostaafu kabla ya mabadiliko nawafahamu kwa majina. Walijenga, ndiyo. Halafu wakaanza kuuza walichojenga chumba kimoja kimoja.

Jambo jingine ambalo halijasemwa. Kazi hii haizeeki na mtu kama ualimu au uhasibu, mnisamehe. Magoti yanakwenda kwanza, halafu mgongo, halafu kifua. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto yenyewe kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, kundi moja na tumbaku. Hawakusema moshi tu, walisema kazi. Ndiyo maana miji huwastaafisha zimamoto mapema, na ndiyo maana pensheni yao ni ghali: unachangia miaka michache kuliko wengine, na unalipwa miaka mingi. Au unakufa mapema na mjane ndiye anayelipwa. Vyovyote, mtu wa miaka 58 habebi mtu mzima kumshusha ngazi. Mwambie kijana avae barakoa hata moto ukishazima, wakati wa kufukua majivu. Sisi tulikuwa tunazivua.

Mhasibu wa Chumbageni alijibu:

Niongeze hesabu kwa ajili ya bwana mdogo, kwa sababu na sisi hapa tumebishana sana kuhusu mkupuo na malipo ya mwezi.

Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa 1,160,000 kwa mwezi na miezi 360 ya kuchangia. Kwa kanuni aliyostaafia mzee wetu Stesheni Sajini, ile ya kuzidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya kuchangia, kugawa kwa 540 kupata pensheni ya mwaka, kisha nusu yake kuzidisha 15.5 kuwa mkupuo, angepata mkononi 71,920,000 na kila mwezi kama 386,700. Kikokotoo cha Julai 2022 kinagawa kwa 580, kinazidisha 12.5, mkupuo asilimia 33: mkononi 35,640,000, kila mwezi 482,400. Kelele zikawa nyingi, na kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 waliokuwa wa mkupuo wa asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, hivyo mkononi 43,200,000 na mwezi 432,000.

Watu waliangalia ile milioni 71 ikiwa imebaki nusu yake wakaumia, na walikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu walishapanga maisha juu yake. Kubadilishia mtu hesabu akiwa mlangoni ni vibaya. Lakini mfuko ulipe nini na lini ni jambo lile lile lililowapata Dallas na DROP yao. Mkupuo mkubwa wa waliotangulia unalipwa na waliobaki kazini.

Mwalimu wa Barabara ya Nane alijibu:

Wanangu na kaka zangu, nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na kalamu. Stesheni Sajini, ndiye yeye. Alikuwa anasema mpira uliokunjika ni sawa na kisima kikavu. Umenifanya nikae kimya muda mrefu.

Bwana mdogo, sikukatazi kununua viwanja. Lakini mwenzake marehemu wa zamu moja naye alipungukiwa miezi, hakuwa na slipu, akachukua mkupuo. Alinunua gari la abiria la njia ya Muheza. Lilikwenda miaka miwili. Marehemu alikuwa anapokea pensheni kidogo kila mwezi, na alipofariki nami nikapata fungu la mjane. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kwa macho yangu, kwenye barabara moja.

Sasa wa Houston, naomba nikuulize mawili ya mwisho. Hii miaka saba ya ghalani, ile 6.2 aliyokatwa, imepotea? Na yeye mwenyewe atajuaje kama jiji linapeleka? Hapa marehemu alijua akiwa ameshastaafu.

Wa Bagamoyo, sasa Houston, alijibu:

Mama, haijapotea. Ile ya taifa inataka alama 40, na mtu anapata zisizozidi nne kwa mwaka. Miaka saba ni 28. Zimamoto wengi wana kazi ya pembeni siku zao za mapumziko, kwa sababu zamu zao ni saa 24 kazini halafu siku mbili nyumbani. Akifanya kazi kama hiyo miaka mitatu, yenye kukatwa 6.2, anazitimiza. Zamani mtu mwenye pensheni ya jiji kama yeye alikuwa anapunguziwa ile ya taifa, na ilikuwa kilio cha zimamoto nchi nzima. Sheria iliyotiwa saini Januari 2025 imeifuta hiyo kanuni. Kwa hiyo mwambie asizisahau zile 28.

Upande wa jiji: mfuko wao unatoa ripoti ya hesabu kila mwaka, iko wazi kwa yeyote. Asitishwe na unene wake. Atafute kurasa mbili tu. Moja inaonyesha jiji lilitakiwa kuchangia kiasi gani na limechangia kiasi gani, miaka kumi imepangwa safu kwa safu. Nyingine inaonyesha asilimia ya deni ambayo mfuko unaweza kulilipa. Safu ya kilichochangiwa ikianza kupungua kuliko ya kilichotakiwa, hapo ndipo mahali pa kupiga kelele, na wana chama chao cha kupigia kelele. Vikao vya bodi pia viko wazi, mwanachama anaruhusiwa kuingia na kukaa.

Na ajue haya kuhusu pensheni yake mwenyewe. Kila mwaka wa kazi unampa asilimia 2.5 ya wastani wa miezi 60 yenye mshahara mkubwa kuliko yote. Akitumikia miaka 30 ni asilimia 75. Kwa zile dola 6,000 ni 4,500 kila mwezi mpaka kufa, ila haitapanda na bei za vitu kwa muda mrefu, kwa hiyo aweke na akiba pembeni. Haki yake ya pensheni inakomaa akifikisha miaka mitano. Akiondoka kabla, anarudishiwa alichochanga yeye tu, cha jiji kinabaki. Kama ana mawazo ya kurudi ghalani, mama, asiondoke mwaka wa nne.

Mwalimu wa Barabara ya Nane alijibu:

Nimeongea naye leo, kwake mchana, kwangu isha imeshaswaliwa. Nilimsomea majibu yenu kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka salio likaisha na akapiga yeye. Kwenye 34.5 alinisimamisha. Akasema, "Mama, hiyo haipo kwenye slipu." Nikamwambia ndiyo, ya mwajiri haionekani, ndiyo maana unaifuata ilipo.

Ripoti ameikuta. Ameniahidi kuzisoma zile kurasa mbili na mwenzake wa zamu, mmoja wa wale waliofungiwa akaunti 2016 na bado yuko kazini. Kumbe ndiye aliyemtisha. Huyo mzee hakuwa anatia watu hofu bure, alikuwa anaeleza yaliyompata.

Nikamwambia tena kuhusu slipu. Akasema ziko kwenye simu. Nikamuuliza baba yake angeonyesha nini mkekani kama zingekuwa kwenye simu iliyoharibika 2009. Akanyamaza. Jioni hii amenitumia picha: faili la bluu, ndani slipu kumi na moja zimechapwa, mwezi kwa mwezi tangu alipoajiriwa, na nyuma yake zile za ghalani alizoweza kuzipata.

Stesheni Sajini, ukipita Barabara ya Nane uliza nyumba ya mwalimu yenye mlimau mbele. Nataka uione ile kofia, uniambie huo moto wa upande wa kushoto ulikuwa wa wapi. Mwenyewe hakuwahi kuniambia.